Diski ya Vyumba Viwili

Zilibaki siku mbili Masta Agbeko anifungue, yaani anitangaze kuwa fundi kamili wa kompyuta. Poda ilishanunuliwa ya kunimwagia kichwani, mjomba alishaleta chupa ya schnapps, pombe ya tambiko, na mama kule mjini Ho alishashona nguo ya sherehe ya Jumamosi. Miaka minne nilikuwa nimekaa ndani ya kontena lake la kazi kule Ashaiman, nikijifunza kwa macho.

Alhamisi akarudi Madam Korkoi, mwalimu wa kwaya, na laptopu tuliyomtengenezea wiki iliyopita.

"Masta, nikiiwasha ni giza tu. Inaniambia haina kitu. Na nyimbo zangu za miaka minane zimo humo."

"Diski imekufa, Madam," Masta akasema, mkono ungali kwenye donge la kenkey alilokuwa akila. "Tutaifuta yote, tuanze upya."

"Uifute? Ningeanza kukufuta wewe."

Mafundi wa kibanda jirani wakacheka. Masta hakucheka. Akanisukumia mashine. "Esinam, futa."

Diski haikuwa imekufa. Wiki iliyopita nilimwona akiigawa vyumba viwili, kisha akaweka alama ya kuwakia, ile inayoiambia mashine ianzie wapi, kwenye kile kidogo kitupu. Nilidhani ana sababu. Sasa mashine kila ikiamka inaingia humo, haikuti kitu, inaganda. Kuhamisha alama ni kazi ya dakika moja.

Lakini mwanafunzi hamkosoi bwana wake mbele ya mteja. Selasi, mwanafunzi wa kibanda jirani, alithubutu, na huu ni mwaka wake wa sita anafagia.

Madam alikuwa ameziba mlango, Masta ameziba nyuma yangu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

"Masta, samahani," nikasema. "Siku ile nikisafisha, nadhani niligusa alama ya kuwakia. Niruhusu niirudishe."

"Haya," akasema.

Nikaihamisha, nikawasha, nikafungua wimbo mmoja. Kwaya ikaanza kuimba humo ndani, na Madam akaketi kwenye ndoo, akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwani.

"Mungu akubariki, binti."

"Usimbariki haraka, Madam," Masta akasema. "Umesikia mwenyewe, anagusa asichotumwa. Mkono huo haujaiva." Akanawa, akanigeukia. "Mpigie mjomba wako asije Jumamosi. Tutaangalia mwakani."

Nilimtazama machoni. Alijua fika nani aliweka ile alama, na alijua kwamba najua.

"Ndiyo, Masta," nikasema, nikachukua simu.