Kingamwili Ndani ya Barafu

Picha ya shemeji yangu ilikuwa safi mno, na mimi kitu safi mno hunitia wasiwasi. Ilionyesha kingamwili imeng'ang'ania shina la protini ya kirusi cha mafua. Kichwa cha protini hiyo hubadilika kila mwaka, ndiyo maana tunachanjwa upya, lakini shina halibadilikibadiliki. Ukijua pa kulishika, umekaribia chanjo ya mafua yote. Maabara nzima ilikuwa ikishangilia.

"Kompyuta uliielekezaje?" nikamuuliza.

"Niliipa mfano wa kingamwili iliyoshika shina, ikautafuta kwenye picha za darubini za sampuli iliyogandishwa kwenye barafu. Shemeji, acha wivu."

Wivu! Mimi niliyemwombea kazi hapa kwa ajili ya dada yangu! Nikameza hasira, nikampa picha nyingine, ukungu wa kijivu kama zile za kwanza.

"Hebu jaribu na hizi."

Mchana akarudi mbio, meno yote nje, mkuu wa maabara nyuma yake.

"Unaona? Safari hii imeshika vizuri zaidi!"

Nikatazama. Kweli, ilikuwa imeshika vizuri.

"Shemeji," nikasema, "nilikupa picha za barafu tupu, isiyo na kingamwili wala kirusi."