Trekta Lililozoea Kilima

Hakuna injini iliyotoka mikononi mwa binadamu ambayo Bujiku angeshindwa kuiamsha. Hayo aliyasema mwenyewe. Aliyasema kilabuni, akayasema kisimani, na siku moja aliyasema hata msibani, watu walipokuwa wamenyamaza na yeye akaona nafasi. Alikuwa amemaliza Fomu Foo Mbeya mjini, na huko mwalimu wa fizikia aliwahi kuchora injini ubaoni kwa chaki za rangi tatu. Injini ile ya chaki Bujiku aliijua hadi utumbo. Ya chuma alikuwa bado hajaishika, lakini hilo aliliona jambo dogo.

Marehemu baba yake alimwachia ng'ombe kumi na wawili wa mahari. Walikuwa zizini kwa baba yake mdogo, Ndalahwa, huko uwandani Usangu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Chimala. Mchumba naye alikuwapo: Roza, binti wa Kashindye, mzee mwenye maksai sita waliosifika kuliko watoto wake. Kilichobaki kilikuwa kuwatoa ng'ombe huku na kuwapeleka kule. Kijana mwenye akili za kawaida angefanya hivyo, akaoa, akanyamaza. Bujiku akaja na wazo.

"Baba mdogo, ng'ombe anazaa mara moja kwa mwaka. Trekta likilima mashamba ya watu, linazaa kila siku."

"Linanyonyesha?" Ndalahwa akauliza.

"Linalima, baba. Msimu mmoja tu, hawa kumi na wawili wanarudi ishirini."

"Na likifa tunakula nini? Ngozi?"

Lakini Bujiku alikuwa na mdomo, na mwishoni mwa Oktoba mwaka 1976 ng'ombe wa mahari waligeuka kuwa safari ya Iringa. Kashindye aliposikia, alimwita kijana akamwambia bila kupandisha sauti: "Ijumaa ya mwisho ya Novemba nitakuja na wazee. Likilima shamba la Ndalahwa kutoka mwanzo hadi mwisho bila ng'ombe kuligusa, nitakusubiri hadi mavuno uniletee mahari yangu. Likishindwa, kuna mtu wa Igurusi anamtaka Roza. Yeye hana trekta. Ana ng'ombe."

"Baba, hiyo Ijumaa uje na kiti," Bujiku akajibu. "Utachoka kusimama ukishangaa."

Mwenye trekta alikuwa mzee Silvester, Mhehe aliyelima mahindi juu kwenye vilima vya Iringa hadi mgongo ukamkatalia. Trekta lilikuwa chini ya mikaratusi, rangi yake nyekundu imepauka kama shati la kazi. Walisalimiana, kamwene, kamwene, habari za huko, kisha Ndalahwa akaanza kununua. Alinunua trekta kama anavyonunua ng'ombe, kwa kuwa njia nyingine hakuijua. Alilizunguka mara tatu, kimya. Akaligonga tairi la nyuma kama anayepiga nundu. Akainama kutazama taa, akakuta ni moja.

"Chongo," akasema. "Linapiga teke?"

"Halipigi," Silvester akajibu kwa heshima zote. Na yeye aliwahi kufuga.

"Limewahi kuharibu mimba?"

Silvester akafikiri. "Plau liliwahi kung'oka. Tulilichomelea."

Bujiku aliona aibu imemfika shingoni. Akajitokeza mbele, mikono kiunoni. "Baba mdogo, niachie mimi. Mzee, kabureta yake ikoje?"

"Halina kabureta, kijana. Ni la dizeli."

"Ndiyo," Bujiku akasema bila kupepesa macho. "Nilitaka kuona kama utanidanganya."

Silvester alimtazama kidogo, kisha akaamua kuongea na Ndalahwa. "Kasoro yake ni moja tu. Linalala mlimani. Ukililaza mlimani, asubuhi linaamka."

Ndalahwa akatikisa kichwa kwa kuelewa. Kila mnyama ana tabia yake. Aliwahi kuwa na dume lililokataa kunywa maji mpaka liimbiwe. Bujiku akacheka: wazee na hadithi zao! Dereva wa Silvester, jamaa mmoja mpole aitwaye Marcelino, akapanda, akaachia breki. Trekta likateremka taratibu kutoka mikaratusini, likachanganya, Marcelino akaachia klachi, likakohoa moshi mweusi, likanguruma.

"Umeona lilivyo jepesi?" Bujiku akamwambia baba yake mdogo. "Halijasubiri hata kuambiwa."

Walilileta kwa barabara kuu siku mbili, malori ya Zambia yakiwapita na kuwapigia honi kama wanaofukuza mbuzi. Marcelino akiendesha, Bujiku akining'inia kwenye madigadi ya tairi la nyuma na kujifunza gia kwa macho, Ndalahwa akifuata kwa basi kwa sababu, alisema, yeye hapandi kitu alichokinunua jana. Mafinga walipokula, Marcelino alipaki mteremkoni. Makambako walipolala, alizunguka mji mzima akitafuta mteremko.

"Ndugu yangu," Bujiku akamwuliza, "huko kwenu tambarare ni mwiko?"

"Stata imeungua, bila mteremko haliwaki," Marcelino akasema. "Mwaka wa tatu huu. Mzee alikwambia."

"Aliniambia linalala mlimani!"

"Sasa ulifikiri linapenda hewa?"

Bujiku alikaa kimya kutoka Makambako hadi Igawa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu abatizwe. Pale Igawa akili ikamrudia. Stata ni nini? Ni kidude tu. Mbeya zimejaa. Hakuna haja ya kumwambia baba mdogo.

Walipoingia uwandani, watu waliwapokea kwa vigelegele tangu mbali. Marcelino akaliacha likinguruma uwanjani kwa Ndalahwa, akamnong'oneza Bujiku, "Usilizime mpaka upate mteremko," akawahi lori la mpunga la kurudi Chimala. Bujiku akapanda kwenye kiti. Umati ulikuwa mzuri. Roza alikuwa mbele kabisa, mkono kiunoni. Siku kama hii mtu anaingoja maisha yake yote, na Bujiku akafungua mdomo akatoa hotuba.

"Hatusikii!" watu wakapiga kelele. "Zima hilo dude, hatusikii!"

Akalizima.

Hotuba ilikuwa nzuri, hilo hakuna aliyekataa. Alitaja maendeleo, alitaja sayansi, alimtaja baba yake mdogo mara mbili. Alipomaliza ndipo alipoinua macho akautazama uwanda wa Usangu. Ulikuwa umetandazwa kama mkeka, kutoka miguuni pake hadi mwisho wa dunia. Kitu kirefu kuliko vyote kilikuwa kichuguu. Milima ilikuwapo, ndiyo, kule ng'ambo ya Chimala, ya buluu, ya kupendeza, isiyo na msaada wowote.

Kesho yake akaenda Mbeya. Fundi mmoja wa Iyunga, Liberatus, aliishika ile stata aliyoletewa ndani ya kikapu, akainusa, akairudisha kikapuni.

"Hii izike. Nyingine utaingoja, labda Machi."

"Machi mimi nitakuwa nimenyang'anywa mke!"

"Basi tengeneza yaliyobaki, ili trekta likivutwa liwake mara moja," Liberatus akasema, na kwa kuwa alimwonea huruma, alimfundisha siku nzima: kuosha chujio, kutoa hewa kwenye mipira ya dizeli, kufungua nozeli na kuzisafisha. Kwa hiyo tusimwonee Bujiku. Wiki mbili zilizofuata alifanya kazi kweli. Alitoa kiota cha panya kwenye kisafisha hewa, panya wakiwemo. Alikunywa dizeli mara tatu akinyonya mpira. Mikono yake ikawa kama ya mtu aliyeokolewa motoni. Ndalahwa alipopita aliuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" na Bujiku akajibu, "Anapumzika, baba. Nampumzisha kwa ajili ya Ijumaa."

Mvua za kwanza zikanyesha, udongo ukalainika. Trekta lilikuwa safi kuliko siku lilipozaliwa. Lilihitaji kuvutwa hatua ishirini tu. Maksai wa Ndalahwa walikuwa wamekwenda malishoni ng'ambo ya Ruaha, mwendo wa siku mbili. Wanaume kumi walijaribu kulisukuma, likawatazama kwa jicho lake moja. Katika eneo lile waliobaki ni wanyama sita tu wenye nguvu hizo, na wote walikuwa wa Kashindye.

"Wewe Fomu Foo," Roza akamwambia jioni ya Alhamisi, "una wazimu?"

"Dakika kumi tu. Baba yako akienda kuwachukua wazee."

"Alisema ng'ombe wasiliguse!"

"Wakati wa kulima, Roza. Kuamsha si kulima."

Roza akapiga hesabu. Yule mtu wa Igurusi alikuwa na ng'ombe, ni kweli, lakini pia alikuwa na wake wawili na kikohozi. "Alfajiri," akasema. "Na ukimwumiza Mwekundu, yule maksai wa mbele, mimi mwenyewe nitakwenda Igurusi kwa miguu."

Alfajiri ya Ijumaa wakafunga nira tatu na mnyororo. Roza akapiga mluzi, maksai wakainamisha shingo, trekta likasogea. Bujiku akaweka gia ya juu, akahesabu hatua, akaachia klachi. Injini ikapiga chafya mara mbili, ikanguruma kwa sauti ambayo maksai wa Kashindye walikuwa hawajaisikia tangu waumbwe, tena kutoka nyuma. Wakatimua mbio. Bujiku, kwa furaha, akasahau kukanyaga klachi, na trekta likawafuata. Kwa kitambo kizuri haikujulikana nani anavuta nani. Walisimama karibu na mfereji, nira zimepinda, Mwekundu ameinua mguu mmoja wa mbele.

Wakati huohuo, kwenye njia ya kando ya mfereji, Bujiku akaona kitambaa cha kanga na mzigo wa kuni. Alikuwa Regina, mama yake Roza. Mkwe hatazamwi usoni; mtu mwenye adabu hugeuka, na mkwe naye huingia majanini mpaka apite. Bujiku akageuka upesi akalitazama gurudumu kwa heshima kubwa. Aliposikia majani yakichezacheza akajua mkwe amejificha, kama inavyotakiwa. Alihesabu hadi hamsini. Alipogeuka hapakuwa na mtu. Basi, akajiambia, kwa kuwa sikumwona, hakuniona. Roza alikuwa ameshafungua nira, anawarudisha wanyama mbiombio.

Tatizo likawa wazee. Walikuwa wamesema asubuhi, na asubuhi ya wazee haina saa. Trekta likaendelea kunguruma. Jua likapanda, dizeli ikashuka. Bujiku alipiga mbio nyumba hadi nyumba akiomba mafuta ya taa, na akina mama wakammiminia vibatari vyao mpaka trekta likaanza kunuka kama jiko la msibani. Mwishowe, jua limefika utosini, Kashindye akatokea na wazee wanne, na kiti.

Likalima. Lazima tuseme ukweli: lililima vizuri. Plau liliingia ardhini kama kisu kwenye ugali, udongo mweusi ukageuka, kunguru wakashuka nyuma yake. Mwanzo hadi mwisho, mwisho hadi mwanzo. Ndalahwa alilia, akasingizia moshi. Kashindye aliinuka kitini, akaingiza fimbo kwenye mtaro kupima kina, akaitazama, akaipima tena pengine.

"Limelima," akasema. "Zima basi, tuzungumze."

Bujiku akakaza mikono kwenye usukani. "Baba, mashine ya namna hii haizimwi mbele ya wakwe. Inakuwa kama kuwageuzia mgongo."

Wazee wakatazamana, mmoja akasema kumbe nayo ina adabu.

"Na ng'ombe hajaligusa?" Kashindye akapaza sauti juu ya ngurumo.

"Hata kwa mkia, baba. Nakula yamini. Nimeliamsha kwa sayansi, mimi na vidole vyangu hivi."

Kashindye akatazama vile vidole, vyeusi, vimechubuka. Uso wake ukalegea, jambo ambalo Roza alisema baadaye hajaliona tangu utotoni. "Basi nitasubiri mavuno," akasema, akanyoosha mkono.

Wanawake walikuwa wamesimama pembeni. Katikati yao Regina alikuwa amempa Bujiku mgongo, kanga imefunika kichwa na nusu ya uso, kama inavyompasa mama mkwe. Hakugeuka. Hakumsemesha kijana, kwa kuwa si adabu. Alimsemesha mumewe, kwa sauti iliyopita juu ya injini bila shida yoyote.

"Baba Roza, mwambie mkweo asiizime kweli hiyo sayansi yake. Mwekundu bado anachechemea, na wale watano tangu alfajiri hawajatia hata jani mdomoni."

Mkono wa Kashindye ukabaki hewani. Akamgeukia Roza, Roza alikuwa akitazama mawingu. Akamgeukia Bujiku.

"Shuka," akasema.

Bujiku alifungua mdomo. Kwa mara ya pili tangu abatizwe, hakikutoka kitu.