Tembo Asiye na Miguu

Gesti ile ilikuwa na sheria nyingi kuliko vitanda. Ya kwanza ilibandikwa mlangoni: vua viatu, uvibebe mwenyewe, sisi si walinzi wa viatu. Ya pili ilikuwa juu ya pipa la maji: ndoo moja kwa kichwa kimoja, mwenye kichwa kikubwa asitafute huruma. Bafuni hakukuwa na komeo. Kulikuwa na sufuria kuukuu iliyoning'inizwa kwa kamba, na mwenye kuoga alitakiwa aigonge kila baada ya muda ili walio nje wajue kuna mtu ndani. Mwenye gesti alikuwa mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi. Wageni walimwita Mama Sheria, naye hakukasirika hata kidogo. Alikipenda hicho cheo.

Vyumba navyo havikuwa na namba. Kila mlango ulichorwa mnyama, na ukishapewa chumba, jina ulilokuja nalo halikuhusu tena. Fundi wetu alikuwa mchora mabango wa miaka ishirini na miwili kazini, mtu mwenye heshima zake huko kwao. Hapa alikabidhiwa ufunguo uliofungwa kwenye mwiko mkubwa wa mbao, asije akaondoka nao mfukoni.

"Wewe ni Bwana Kobe," Mama Sheria akamwambia.

"Kobe tena? Mama, si nimeona chumba cha Simba kiko wazi?"

"Simba ana kunguni. Unataka cheo au unataka usingizi?"

Fundi akaona bora usingizi, akaenda kwa kobe wake.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Chumba kilikuwa na kitanda, kiti kimoja chenye miguu mitatu na nusu, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Hakujali. Alitoa daftari lake kubwa la michoro kwenye mkoba, akalifungua juu ya kitanda, akayaangalia mambo yake.

Na hapa lazima nikueleze, maana usipolielewa daftari hutaelewa chochote. Kwa miaka ishirini na miwili huyu bwana alikuwa akiandika maneno ya watu wengine. Duka la Dawa. Kinyozi wa Kisasa. Usikojoe Hapa. Hakuna aliyewahi kumwambia, chora cha kwako. Ndipo hospitali ya watoto katika mji huu ikatangaza kwamba inataka mtu wa kupamba ukuta wa korido, mita sitini, kuanzia mlangoni hadi chumba cha sindano, ili watoto waache kulia njiani. Mwenye michoro aje nayo siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Tangazo lilitoka mapema, na fundi alichora miezi saba. Alimchora kiboko anayeng'olewa jino na ndege. Alimchora twiga mwenye maumivu ya koo, amezungushiwa skafu kumi na moja. Na aliyempenda kuliko wote alikuwa tembo aliyefungwa bendeji kwenye mkonga, anafumba macho kwa woga, huku nesi panya amepanda juu ya stuli kumchoma sindano.

Daftari hilo alimwonyesha mtu mmoja tu hapa duniani, mkewe. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu, kisha machozi yakamtoka, akasema, "Baba Pacha, hii ndiyo itakayokutoa." Na Baba Pacha aliamini, kwa nini asiamini? Kesho ndiyo ilikuwa hiyo Alhamisi.

Basi akachukua taulo na ndoo yake moja ya halali, akashika njia ya bafuni. Alipita mlango wa Sungura, akapita mlango wa Bundi, akafika mwisho wa ukumbi. Hapo akasimama, ndoo ikamponyoka, maji yote yakamwagika miguuni kwake.

Mlango wa mwisho ulikuwa umepakwa rangi mpya. Tembo, bendeji kwenye mkonga, macho yamefumbwa. Panya juu ya stuli, kofia ya unesi, sindano mkononi.

"Ala!" akasema.

Akafikiri labda anaota, labda ni uchovu wa basi. Akausogelea mlango, akaugusa. Mpaka ule mkunjo mdogo wa sikio, ambao alikuwa ameufuta na kuuchora upya mara sita, ulikuwepo. Kisha akatazama chini, akaona nyasi. Nyasi ndefu, nene, za kijani, zimemfunika tembo hadi magotini. Tembo wake yeye alisimama juu ya sakafu, miguu minne, kucha zinaonekana. Huyu alizama nyasini ndani ya hospitali. Hebu niambie, ni hospitali gani inayoota nyasi ndani?

Fundi alimjua mtu mmoja tu mwenye ugonjwa huo. Shemeji yake, kaka wa mkewe. Mwaka juzi alipofukuzwa kazi ya stoo, mke aliomba, akabembeleza, "Mfundishe kaka yangu, tafadhali, hana kitu." Fundi akamfundisha pale kibarazani, bure, kwa moyo mweupe. Alijifunza haraka, tusimnyime haki yake. Lakini miguu ilimshinda. Miguu ya mtu, ya kuku, ya meza, yote ilimshinda, na kila alichokichora alikisimamisha kwenye nyasi. Hata kinyozi na mteja wake aliwatia nyasini. Walikuwa wakimtania mpaka anacheka mwenyewe.

"Unamwaga maji ukumbini, Bwana Kobe!" Mama Sheria alikuja na tambara. "Sheria ya tisa!"

"Mama, huyu tembo kamchora nani?"

"Aa, huyo! Fundi mkubwa huyo. Zamani mlango huo ulikuwa Punda. Alikaa hapa wiki nzima, kwangu mgeni akichora mlango hulala siku moja bure. Juzi tu kahama, hospitali ya watoto imempa chumba. Wanamchukulia kama mfalme. Mbona umebadilika rangi? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi deki."

Akadeki. Sijui aliwezaje, lakini alideki ukumbi ule mpaka ukakauka, huku kichwani anatafuta namna. Shemeji aliaga wiki tatu zilizopita, akasema anakwenda kulinda ghala la mtu. Kumbe! Lazima alipekua sanduku la daftari siku moja alipokuja kula, wakati mwenye nyumba yuko kazini na dada mtu yuko jikoni. Mwizi mkubwa. Ukimkaribisha mtu mezani, yeye anakwenda kukagua vyumba. Fundi alimhurumia hata mkewe, atakavyoona aibu akijua kaka yake kafanya nini.

Asubuhi alivaa shati lake jeupe, akafika hospitali kabla ya saa tatu. Alijikaza kisabuni. Alijiambia kwamba ukweli una miguu yake, utafika wenyewe, na daftari halisi analo yeye.

Matroni alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mrefu, mchangamfu.

"Wewe ndiye fundi miguu!" akasema. "Karibu, karibu sana, tumekungoja!"

"Fundi nini?"

"Miguu! Bosi wako ametuambia. Watoto wanatusumbua, kila mmoja anauliza wanyama wamekatwa miguu? Hapa ni hospitali, unajua tena, wanaogopa. Yeye akasema tusiwe na wasiwasi, kijana wake anakuja Alhamisi, kazi yake ni miguu."

Kijana wake! Mtu wa miaka arobaini na saba, aliyemfundisha huyo bosi kushika brashi!

"Mama," fundi alisema taratibu, akafungua daftari, "tazama. Hii michoro ni yangu. Nimeichora miezi saba. Leo ndiyo siku mliyotangaza."

Matroni alitazama ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Uso wake ukaingiwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomtisha fundi kuliko hasira.

"Ndugu yangu," akasema kwa sauti ya wauguzi, ile ya kumtuliza mtu, "hata hilo alituambia utalisema. Alisema daftari lake unalo wewe, na kwamba umekaa nalo mpaka umeanza kuona ni lako. Akatuomba tukuvumilie, kwa sababu ni wa familia. Siku ya tangazo ilikuwa bado, kweli, lakini tulipoiona michoro tungengoja nini? Tulimpa kazi pale pale."

Fundi aliwahi kuibiwa, nani hajawahi? Lakini kuibiwa na kuwekewa mtu wa kumzuia asipige kelele, hilo lilikuwa jipya.

Korido ilikuwa imejaa wanyama wake. Kiboko, nyasi. Twiga na skafu zake kumi na moja, nyasi. Shemeji alikuwa juu ya ngazi, amevaa ovaroli mpya, anapaka anga. Alipomwona hakushtuka. Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekuwa anangoja basi na basi limefika.

"Shemeji, karibu. Safari njema?"

"Shuka chini!"

"Punguza sauti, shemeji, kuna wagonjwa."

"Nasema shuka, mwizi wewe! Nilikufundisha kwa mkono wangu!"

Shemeji akashuka ngazi mbili, akainama, akanong'ona. "Sikiliza. Ukuta ni mrefu, tutafanya wote. Mimi nilitangulia, basi. Ningekusubiri wewe ningekula nini? Na ukinivua nguo hapa mbele za watu, ujue umemvua dada yangu. Ukitaka kugomba, nenda kagombe nyumbani kwanza."

Maneno hayo ya mwisho fundi aliyasikia lakini hakuyaelewa. Mtoto mmoja mwenye mkono uliofungwa plasta alikuwa amesimama hapo akiwatazama, akamvuta shati, akamuuliza kama ni yeye aliyeleta miguu. Alifunga daftari, akatoka nje, akatembea juani hadi gesti.

Uani kulikuwa na mashuka yameanikwa. Akakaa katikati yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, pasipo mtu wa kumwona, akampigia mkewe. Alikuwa anataka kusikia sauti yake tu. Akamweleza yote, tembo wa mlangoni, nyasi, ukuta, na jinsi alivyoitwa kijana mbele za watu. Alipofika hapo alilia, sitakuficha. Mwanamume mzima alilia.

Mkewe alikuwa kimya muda wote. Hakusema "Mungu wangu!" Hakusema "Kaka yangu mimi?" Fundi alidhani amepigwa na butwaa.

"Umekula?" mwishowe akauliza.

"Sijala. Nitakula nini?"

"Kula, Baba Pacha. Halafu ukitulia urudi ukaongee nao vizuri. Usigombane na kaka mbele za watu. Na yule matroni ni mtu mwema, atawapa hata chumba kimoja mkae wote."

Fundi aliishusha simu, akaitazama, akairudisha sikioni.

"Matroni?" akasema. "Mimi sijakutajia matroni."

Alisikia mlango wa jikoni kwake ukifungwa, mlango anaoujua.

"Mama Pacha."

"Nisikilize kwanza usikasirike."

"Michoro aliipataje?"

"Niliipiga picha kwa simu."

"Lini?"

"Siku ile uliponionyesha. Ulipokwenda kunawa."

Siku ile ile, kumbe. Alicheka, akalia, akasema hii ndiyo itakayokutoa, na maji ya kunawa hayajakauka mikononi mwa mumewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na wewe unaisikia hiyo methali tangu utotoni unadhani inawahusu wengine.

"Ni kaka yangu, tumbo moja," mkewe alikuwa akisema haraka haraka sasa. "Ana watoto watano na hana kitu. Wewe una kipaji, utachora vingine hata kesho. Yeye ana nini? Niambie, yeye ana nini? Nilisema moyoni, mume wangu ni mtu mzuri, ataumia siku mbili, kisha ataelewa. Kama ningekuomba ungekubali?"

"Hukuniomba."

"Kwa sababu usingekubali."

"Na jana?" fundi akauliza. "Uliamka alfajiri ukanipigia shati pasi. Ukanisindikiza kituoni. Ukaniambia, nenda ukawaonyeshe. Ulijua ukuta umeshapata mwenyewe. Kwa nini uliniacha nije? Si ungenizuia tu, hata kwa uongo?"

Mkewe akavuta pumzi. Alipojibu, alijibu kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo ambalo mwenzake angepaswa kulijua mwenyewe.

"Ningekuzuiaje, Baba Pacha? Na miguu angeichora nani?"

Fundi akakata simu. Katika miaka kumi na minane ya ndoa hakuwahi kumkatia mkewe simu, si kwa hasira, si kwa bahati mbaya. Akakaa pale kwenye ndoo, simu mkononi, anatafuta mtu wa kumpigia amwambie alichofanyiwa, na majina yote aliyoyapitia yalikuwa ya wateja.