Hared Hakuitika

"Kaeni chini! Mistari minne! Mikono kwa magoti!"

Askari alisema hivyo tu, bunduki begani, wala hakuwa na hasira. Wasomali wa Kitengela walioitwa kuhakikiwa uraia wakaketi vumbini mbele ya ofisi. Hared peke yake alivua shati, akalala kifudifudi, akaweka mikono kisogoni.

Ee Mungu, si leo, akasema moyoni Ruqia, mkewe.

Miaka sita sasa, kila lori liliposhusha mzigo kwa kishindo sokoni, Hared alilala hivyo. Ndivyo wanajeshi walivyowalaza kule kaskazini, yeye na kaka zake watatu, juani, siku nne. Walioitwa majina wakaitika walichukuliwa, hawakurudi. Kaka zake waliitika. Yeye alinyamaza.

Ndugu walisema ana majini. Wakamsomea, wakamfukizia ubani, wapi! Jacinta wa zahanati ndiye aliyesema wazi: "Mama, hii si majini. Ni ugonjwa, mtu huupata akiona mambo mabaya sana, na uko na matibabu. Mpeleke Nairobi wamlaze. Lakini bila kadi ya uhakiki hawatamchukua."

Na kadi hiyo ilitolewa hapa, siku hii moja tu ya mwaka huo wa 1990.

"Inuka, baba watoto," Ruqia akamnong'oneza. "Itika jina tu, twende hospitali."

Hared akasukuma uso vumbini. Suruali yake ilikuwa imelowa.

"Na huyu amelewa?" Waweru, karani, akauliza toka mezani.

"Ni mgonjwa, bwana mkubwa. Wacha niitike mimi."

"Bibi haitiki kwa niaba ya bwana. Kila mtu anasimama, anataja jina lake, la baba yake, na pahali alizaliwa. Ndiyo sheria."

Mzee Parmuat, aliyeketi kwenye kamati ya uhakiki, akakohoa. "Huyu namjua. Ni Hared wa mbuzi. Tumeuziana miaka."

"Mzee, hatujakuuliza wewe. Aseme mwenyewe."

Parmuat akageukia karatasi zilizokuwa mbele yake. Naye alikuwa na hati za mashamba zilizongoja kusainiwa na ofisi hiyo hiyo.

Ruqia akashindwa kujizuia. "Ni serikali yenu ilimfundisha kulala hivi! Mgeni wa nchi angejifunzia wapi?"

"Mama, nitakutoa hapa."

Ruqia akapiga magoti tena kando ya Hared. Angetolewa, nani angebaki naye?

"Hared Mowlid!" Waweru akaita.

Hared akajibana zaidi na ardhi.

"Hared Mowlid!"

Ruqia akamshika bega, akamvuta, akamsihi kwa Kisomali, akamlaani hata, kisha akalia. Hared akazuia pumzi.

"Hared Mowlid, mara ya mwisho!"

Waweru akatazama mgongo ule mtupu hatua mbili kutoka mezani. Kisha akaandika, kwa mwandiko safi wa shule: Hakufika.

"Ahmednasir Abdi!"

"Niko!"

Ahmednasir wa duka la nguo akainuka mbio. Nafasi ya kupita haikuwepo.

"Samahani, dada," akamwambia Ruqia, akainua kanzu yake, akamruka Hared.