Lami Niliyoipaka Mwenyewe

Kilichokuwa chini ya ile lami nilikijua, kwa sababu niliipaka mwenyewe. Ndiyo maana meneja mpya aliposema ile Landrova kuukuu ifufuliwe, nilimjia juu mbele ya watu. Nikamwambia gari la mwaka hamsini na tatu, lililobingirika likalala nje miaka sita, si gari tena, ni chuma chakavu. Akanijibu kwamba magari mapya hayapatikani na shamba la mkonge haliendeshwi kwa baiskeli.

"Kwangueni lami yote ya chini, tuone chesisi ikoje," akasema.

Petro akadakia, "Kazi hiyo nipeni mimi."

Petro ndiye aliyekuwa dereva wa gari hilo. Mwaka sabini na nne liliacha barabara kwenye kona karibu na Mkuyuni. Yeye akapoteza mguu, na binti yake Eva, wa miaka mitano, aliyekuwa akipelekwa kwa bibi yake, akafa palepale. Nyuma kulikuwa na kreti la bia za wageni wa meneja wa zamani. Chupa zikapasuka, gari zima likanuka, basi watu wakamaliza habari: Petro alikuwa amelewa. Mkewe, Juliana, akamzika mtoto, akabaki kwao Mkuyuni, hakutaka kumwona tena mumewe. Kwenye uchunguzi waliniuliza mimi, Stambuli, fundi mkuu, kama gari lilikuwa zima. Nikasema lilikuwa zima.

Mwongo mkubwa mimi! Siku tatu kabla ya ajali niliona ufa kwenye chesisi, mbele kushoto, pale inaposhikwa springi. Gesi ya kuchomelea haikupatikana mji mzima, na meneja alitaka gari Jumamosi, la sivyo nikatafute kazi kwingine. Nikashindilia katani ndani ya ufa, nikapaka lami juu, nikajiambia Jumatatu nitachomelea. Jumatatu tulikuwa makaburini.

Tangu hapo nikamtunza Petro kama ndugu wa tumbo moja. Nilimwombea kazi gerejini. Nikipanga foleni duka la ushirika nikapata kilo ya sukari, nusu nampa yeye. Watu wakanisifu, na mimi bila haya nikakaa nasifiwa.

Tukalisogeza gari juu ya shimo la kukagulia magari. Petro akashuka, akakaa juu ya gunia na patasi, brashi ya waya na kopo la mafuta ya taa. Lami ilikuwa imeshika kwelikweli. Ilibanduka vipande vipande pamoja na udongo mwekundu wa milimani, ikimwangukia usoni.

"Anza nyuma," nikamwambia. "Mbele niachie mimi, pana makali."

"Lo, leo umekuwa mama yangu?" akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mbele ndiko kwenye kesi yangu, kaka. Miaka sita nasema usukani ulinivuta, hakuna anayeniamini. Nikikuta chuma kizima, basi, nitanyamaza nife mlevi."

Siku hiyo aliishia katikati. Kesho yake nikadamka mapema, patasi mkononi, niwahi kuichomoa ile katani kabla hajafika. Nikamkuta yumo shimoni tayari.

"Bwana Stambuli! Njoo haraka, wewe ndiye shahidi wangu!"

Alishika nyuzi za katani, nyeusi tii.

"Ona, lami imeingia mpaka ndani ya ufa. Maana yake ufa ulikuwepo kabla! Gari lilikuwa limevunjika kabla sijalishika. Sikusinzia, kaka. Mungu wangu, sikusinzia!"

"Nani alisema ulisinzia?"

"Mimi." Akaanza kulia. "Pombe sikunywa, hilo nalijua. Lakini kila siku najiuliza, pengine nilisinzia, nikamuua mwanangu."

Akajifuta uso kwa mkono wenye lami, akaniuliza, "Nani alipaka hapa? Wewe unawajua mafundi wote wa gereji hii."

Nilikuwa na jina tayari mdomoni, la fundi mwenzetu aliyefia vitani Kagera. Asingekuja kubisha. Nikafungua mdomo nilitaje, nikamwona Petro anavyonitazama kwa matumaini, nikashindwa.

"Ni mimi," nikasema. "Niliuona ufa. Niliuficha."

Petro akazitazama zile nyuzi mkononi mwake.

"Sukari," akasema. "Kumbe ile sukari."

Nikampa mkono nimtoe shimoni, akaukataa. Akajikokota mwenyewe, akachukua magongo yake. "Twende Mkuyuni. Utamwambia Juliana kwa mdomo wako."

Tulipofika nilimwamkia mama yake Juliana shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, maskini, hajui nimeleta nini. Juliana alipomwona Petro akageuza uso. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Petro akaweka ile katani chini, mbele ya miguu ya mkewe.

Juliana aliitazama. Akaingia ndani, akatoka na kigoda kimoja, akampa Petro. Kisha akanigeukia.

"Rudia," akasema. "Subiri nimwite baba, kisha urudie."

Nikarudia. Akaita majirani, nikarudia. Akaita waliobeba jeneza la Eva, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyefika aliambiwa, "Msikilize fundi," nami nikaanza upya tangu kwenye ufa. Hakuna aliyeninyooshea hata kidole. Afadhali wangenipiga.