Mguu wa Mbele wa Kushoto

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alidhani cherehani ndiyo inayoshona na mimi nimekaa tu kuisindikiza. Kosa lake lilianzia hapo.

Nashona vifaa vya farasi: vitambaa vya chini ya tandiko, mikanda ya kichwani, na bandeji za kufungia miguu. Watu wanapenda jina la mnyama wao lidariziwe, wengine wanataka na maua. Kwenye bandeji jina hukaa mwishoni, kwa sababu unaanza kuviringisha kwa ncha tupu na ile yenye jina inamalizikia nje, ionekane.

Jumatatu aliingia daktari wa meno, mama mchangamfu anayenunua farasi wake wa kwanza. Alitaka seti nzima, rangi ya zambarau, jina Malkia kwa uzi wa dhahabu. Nikamwuliza vipimo. Alikuwa navyo kichwani: bandeji tatu sawasawa, na ya nne, ya mguu wa mbele wa kushoto, ndefu zaidi kwa shibiri moja.

Niliweka mkasi chini.

"Mbona moja ndefu?"

"Mwenye farasi kaniambia farasi wa kahawia wanafungwa hivyo."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Farasi mwenye kipimo hicho namjua mmoja tu, wa nyumbani kwa mdogo wangu, anaitwa Jeuri. Alipokuwa mtoto alijirarua mguu huo kwa seng'enge. Mdogo wangu alihamia bandani, akawa anamwosha kidonda na kumfunga mpaka akasimama tena, lakini uvimbe ulibaki hadi leo. Kila bandeji ya mguu ule nimeikata mimi, na kila mara naongeza shibiri. Shemeji alipima zile za zamani, akamtajia mteja, basi. Hakujiuliza nani aliyezishona.

"Unamchukua lini?" nikauliza.

"Jumamosi. Mkewe atakuwa safarini. Anasema mkewe ana kelele."

Masikio yaliniwaka moto. Ni kweli Jumamosi mdogo wangu alikuwa aende kumwona mama, na wiki nzima alikuwa akimsifu mumewe kwamba safari hii yeye ndiye aliyemhimiza, hata begi jipya kamnunulia. Mdogo wangu, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, ndiye mwenye kelele.

Ningemwambia daktari palepale. Lakini shemeji ana mdomo wa asali, angesema nimechanganya farasi, na mdogo wangu angemwamini kama kawaida yake. Nilitaka wote wawepo. Nikashona kwa hasira, sindano zikavunjika, mashine ya watu ikapata taabu bure. Kisha nikampigia mdogo wangu simu.

"Usisafiri. Na usimwambie mtu. Jumamosi toka na begi lako, uje kwangu."

"Kuna nini, dada?"

"Nikianza kusema nitatukana. Wewe njoo."

Jumamosi tuliingia bandani pamoja, yeye na begi lake jipya, mimi na vifaa vya daktari. Shemeji alikuwa amevaa viatu vya kung'aa kati ya ndoo na majani makavu, na daktari alikuwa akimlisha Jeuri karoti. Shemeji alipomwona mkewe, akarudi nyuma hatua moja.

"Si ulikuwa stendi wewe?"

"Dada kaniita," mdogo wangu akasema.

"Vifaa vyangu vimefika," daktari akafurahi. "Hebu tumwone amevaa."

Nilimpa mdogo wangu ile bandeji ndefu. Alikuwa bado hajui kitu, lakini mikono ilikuwa imezoea. Alichuchumaa, akatanguliza pamba, akazungusha bila kukaza wala kulegeza. Ikaishia panapotakiwa, jina likatokea nje.

"Imeandikwa Jeuri," daktari akasema. "Mimi niliagiza Malkia."

"Jeuri ndilo jina lake. Malkia ni nani?" mdogo wangu akauliza.

Daktari akainama kuutazama mguu. "Na huu uvimbe?"

"Seng'enge, zamani. Anatembea vizuri, ila kuruka hawezi."

"Mimi nimeambiwa anaruka kama swala."

Daktari alimtazama shemeji kama jino la kung'olewa, akaondoka bila kuaga. Mdogo wangu alibaki amechuchumaa, mkono juu ya kwato.

"Kumbe ndiyo maana ya begi," akasema.

Shemeji akajitutumua. "Farasi ni wangu. Karatasi zina jina langu. Wanunuzi wako wengi."

Mdogo wangu akasimama, akamnyooshea bandeji ya pili. "Sawa. Mfunge mguu mmoja. Mmoja tu, halafu kauze."

Shemeji alidhani ni mchezo. Akakunja suruali, akainama, akaanzia kwenye ncha yenye jina. Malkia wake akazama ndani na uzi wote wa dhahabu. Alizungusha kulia, akajishuku, akarudi kushoto. Jeuri akainua mguu kidogo, bandeji yote ikaanguka kwenye mavi.

Nilikuwa na matusi ya wiki nzima mdomoni, nimeyapanga vizuri. Sikupata nafasi ya kuyatumia. Mdogo wangu aliiokota ile bandeji, akaikung'uta, akaiviringisha upya kwa utaratibu, akaitia mfukoni. Akamfungulia Jeuri mlango na kumtoa nje, begi jipya akaliacha pale pale kwenye majani.

"Anampeleka wapi?" shemeji akaniuliza.

"Kwangu. Uani nimeshamwondolea magunia. Siku ukijua kumfunga, uje na karatasi zako."