Wanaosubiri Kamati

"Hivi, Delfina, wale watoto wa chumba namba tisa huwa wanakula nini?"

Jirani yake, Earlene Tibbs, aliuliza hivyo siku moja walipokuwa wakianika shuka, kila mmoja upande wake wa uzio. Delfina Cantú alibana kibanio kwanza. Akajibu kwamba Ijumaa huwapelekea tamale, zile za unga wa mahindi zilizofungwa kwa maganda, siku nyingine hula biskuti.

"Na hawanenepi?"

"Hawanenepi, hawakondi."

"Heri yao," alisema Earlene, akakung'uta foronya.

Delfina alikuwa amesafisha jengo la utawala la chuo kikuu kwa miaka kumi na tisa, na chumba namba tisa, kilichoko chini ya ardhi, kilikuwa cha mwisho katika zamu yake ya asubuhi. Ndani walikaa wanafunzi kumi na mmoja. Wa kwanza, Wendell Oates, kijana mweusi mwenye nywele pana kama ungo, aliingia mwaka 1972 na saini mia tatu, akiomba chuo kitenge nyumba moja ambamo watoto wa jamii za wachache wangeweza kukaa, kupika na kuongea lugha zao bila kukodolewa macho. Mlezi wa wanafunzi wa wakati ule alimwambia asubiri, kamati inakaa. Wendell akasubiri. Hadi leo alikuwa bado na miaka ishirini. Mwaka 1986 alikuja Twyla, binti wa Kilakota, wenyeji asilia wa Marekani, kisha wengine, kila mmoja na karatasi zake mapajani. Miaka ya mwanzo mama zao waliwaletea makoti. Mama zao walizeeka, wakafa, makoti yakabaki yamening'inia. Delfina alipofika na dekio, wote walinyanyua miguu kwa pamoja.

Jambo moja halikumkaa vema rohoni. Kila Septemba binti wa ofisi ya usajili alishuka na ubao wake, akawahesabu kwa ncha ya kalamu, akapanda ngazi. Hakusalimu hata siku moja. Delfina, mtu wa misa na rozari, hakumwamini mtu anayehesabu watu bila kuwasalimu. Na kila mwaka Wendell alionekana kwenye kijitabu cha chuo, akicheka, vitabu kifuani, chini ya mti uliokatwa zamani.

Kisha mjukuu wa Delfina, Yesenia, akafika mwaka wa tatu. Alikuwa wa kwanza katika ukoo kuingia chuo. Mchana alikula katika stoo ya madekio ya bibi yake, kwa sababu bwaloni wenzake walimuuliza kila siku anakula nini na mbona kinanuka. Mwaka huo alianza kukusanya saini za kuomba Kituo cha tamaduni. Chuo kilisema kikipata saini za nusu ya wanafunzi kitalipokea ombi.

"Bibi, zimebaki saba tu," alisema jioni moja, kipande cha tortila, chapati ya mahindi, mdomoni.

"Na wale wa chini?"

Yesenia aliacha kutafuna. "Kwani wale ni wanafunzi?"

"Septemba huwa ni wanafunzi."

Yesenia akawaendea. Wote kumi na mmoja walitia saini. Twyla aliyapima makaratasi kwa mkono, akasema, "Yako mazito, mdogo wangu. Yangu waliyawekea kikombe cha kahawa juu."

Baada ya wiki moja karatasi zilirudi. Majina kumi na moja yalikatwa kwa wino mwekundu: vitambulisho vyao vimekwisha muda. Saini zikawa pungufu saba, kama mwanzo. Hata hivyo Mlezi wa wanafunzi, Bwana Lindqvist, alimwita Yesenia ofisini saa tatu asubuhi. Delfina alikuwa akideki korido ile, na siku hiyo alilideki eneo la mlangoni mara nne.

"Tumeguswa sana, binti yangu," alisema Bwana Lindqvist kwa sauti laini. "Sana. Pamoja na upungufu huo, kamati itakaa. Kasubiri namba tisa, kuna kiti."

Delfina aliingia na ndoo yake.

"Samahani, bwana. Wale kumi na mmoja, ni wanafunzi au si wanafunzi?"

"Inategemea karatasi ipi, mama," alisema kwa upole. "Kwenye ripoti ya chuo ni wanafunzi. Kwenye saini, hapana."

"Na huyu asiposubiri?"

"Ombi litahesabiwa limeondolewa. Ndio utaratibu."

Walishuka wote watatu. Kiti cha kumi na mbili kilikuwa tayari karibu na mlango, kimepanguswa vumbi. Delfina alijua hakukipangusa yeye. Yesenia alikitazama kiti, akatazama saa. Saa nne alikuwa na mtihani.

"Sasa hawa wenzangu walikaa," alisema. "Mimi ni nani nisikae?"

"Hata mimi nilikuwa na mtihani," alisema Wendell. "Wa kemia."

Delfina alimgeukia Bwana Lindqvist. "Imeandikwa wapi kwamba anayesubiri lazima awe mwanafunzi?"

Bwana Lindqvist alifikiri. "Haikuandikwa," alisema.

Makaburini, mumewe Ponciano alikuwa amelala miaka tisa chini ya jiwe la watu wawili. Jina la Delfina lilikwisha kuchongwa kando ya la mumewe, umebaki mwaka wa kufa tu, na kila Jumapili alimwambia hatakawia. Aliyekaa namba tisa hakuzeeka, wala hakufa. Delfina aliegemeza dekio ukutani, akafanya ishara ya msalaba, akaketi. Kiti kilikuwa na vuguvugu, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

"Bibi, inuka. Inuka, jamani! Na babu je?"

"Babu yako ni mvumilivu. Nipe hizo karatasi."

Yesenia akampa.

Binti wa usajili alishuka na ubao wake, maana idadi ilikuwa imebadilika. Akahesabu kwa kalamu hadi kumi na mbili, akamwuliza Delfina asili yake, akaandika. Bwana Lindqvist alimshukuru kila mmoja kwa jina, akasema chuo kinajivunia.

"Saa nne kasorobo," alisema Delfina.

 Yesenia aliokota mkoba wake, akanyanyua mguu kuiruka ndoo, akatoka kwenda kwenye mtihani.